Tunasifu kisu, picha tumeisahau

Zile habari za kambi za upasuaji wa moyo mnazijua. Wageni wanatua Dar, wiki nzima wanapiga kazi na madaktari wetu pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mwisho wa wiki waandishi wanaitwa, mtoto amekaa kitandani ana bandeji kifuani, mama anashukuru, idadi inatajwa, na hesabu ya mamilioni yaliyookolewa kama wangepelekwa India nayo inatajwa. Na mimi nafurahi kweli, sijaja hapa kubeza, maana taasisi ile tangu isimame yenyewe 2015 imefanya mambo ambayo zamani yalikuwa ndoto, enzi hizo ukiambiwa mtoto ana tundu kwenye moyo ni aidha upate kibali cha kwenda India au urudi nyumbani mkamuombee.

Ila kuna swali silisikii kwenye zile habari: hawa watoto walifikaje pale? Nani aliwaona mara ya kwanza, kwa kifaa gani, na ilichukua miezi mingapi? Nauliza kwa sababu ukifuatilia magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo, hasa yale adimu, unakuta kesi ya mtoto inaamuliwa mapema sana, kabla hata daktari wa upasuaji hajasikia jina lake. Inaamuliwa kwenye picha. Aidha picha haikupigwa, au ilipigwa ikasomwa kitu kingine. Ndo maana nasema hela na sifa tunazozimwaga kwenye chumba cha upasuaji, sehemu yake ilitakiwa ishuke chini kule kwenye mkoa na wilaya, kwa mtu anayeshika kifaa cha picha.

Nianze na mfano ambao kwangu ndo unauma kuliko yote. Moyo nao ni msuli, unataka damu yake wenyewe, na kawaida mishipa miwili inayoulisha, koronari ya kulia na ya kushoto, inachomoza kwenye aota, ule mshipa mkuu wenye damu ya oksijeni na presha ya kutosha. Sasa kuna watoto wanazaliwa koronari ya kushoto imechomoza kwenye ateri ya kwenda mapafuni. Madaktari wanaiita ALCAPA, na vitabuni utakuta pia majina ya Bland, White na Garland, Wamarekani walioielezea mwaka 1933. Inakadiriwa inampata mtoto mmoja kati ya laki 3.

Ubaya wake ni kwamba mtoto anazaliwa mzima. Tumboni presha ya ateri ya mapafu iko juu, kwahiyo koronari inapata damu yake bila shida. Anazaliwa, analia vizuri, kilo tatu na ushee, mama anakunywa uji wake wa pilipili manga, wageni wanakuja na kanga. Halafu wiki baada ya wiki presha ya mapafu inashuka, na inatakiwa ishuke, kwa mtoto mwingine yeyote hiyo ni afya. Kwa huyu kadri inavyoshuka damu inakosa nguvu ya kuingia kwenye ile koronari, mwisho inageuza kabisa, damu iliyoletwa na koronari ya kulia inavuka hadi upande wa kushoto halafu badala ya kulisha msuli inamwagikia kwenye ateri ya mapafu. Moyo unaibiwa damu yake mwenyewe, mchana kweupe.

Muone kwa karibu akiwa na miezi miwili au mitatu. Anashika titi kwa pupa, ananyonya dakika moja mbili, anaachia, analia kile kilio cha kujikunja, paji la uso limelowa, vinywele vimegandana kwa jasho wakati chumba chenyewe hakina joto, anahema harakaharaka, akiachwa anatulia, akipewa titi ni yaleyale. Kwa umri wake kunyonya ndo kazi nzito kuliko zote, ni sawa na mzee mwenye moyo kupandishwa ngazi hadi ghorofa ya nne, na maumivu ya kifua anayoyasikia yule mzee ndo hayohayo anayoyasikia mtoto, ila yeye hana pa kuyasemea.

Sasa safari yake inakuwaje? Bibi atasema chango. Duka la dawa watampa mama dawa ya gesi. Zahanati watasikia kifua wataandika nimonia, antibiotiki siku tano. Hospitali ya wilaya wakipiga eksirei wataona moyo mkubwa, hapo angalau tumesogea. Mkoani kama kuna mashine ya eko, ile ultrasound ya moyo, atapimwa, na itaonekana kweli moyo umetanuka na unasukuma damu kwa shida, basi kwenye faili inaandikwa ugonjwa wa misuli ya moyo, dawa za kukojoa, dawa za kupunguzia moyo mzigo, rudi baada ya mwezi. Mnaona kilichotokea hapo? Mtoto mwenye ugonjwa wa kushonwa ukaisha amepewa jina la ugonjwa ambao matibabu yake ni dawa na kusubiri. Na kusubiri kwa huyu kunaua, bila upasuaji watoto kama 9 kati ya 10 hawamalizi mwaka wa kwanza.

Na dalili zilikuwepo. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandika waya kifuani na mikononi ambacho hakimalizi hata robo saa, kingeonyesha mawimbi ya Q yenye kina upande wa kushoto, yaleyale ya mtu mzima aliyepata shambulio la moyo. Kichanga mwenye alama za shambulio la moyo, hiyo peke yake ilitosha kupiga simu. Sema nani anambandika kichanga waya, kile kipimo kwa wengi ni cha wazee wa presha.

Kwenye eko ndo kuna utamu na ndo kuna mtego. Aliyezoea mioyo ya watu wazima ataangalia moyo unasukuma asilimia ngapi, ataandika, ataita anayefuata. Aliyezoea watoto anapandisha proubi, kile kichwa cha mashine kinachowekwa kifuani, taratibu hadi kwenye shina la aota anatafuta mdomo wa koronari ya kushoto kwa macho yake. Na hapo anaweza kudanganywa, kwa sababu mkunjo wa utando unaopita kando ya aota kwenye picha ya nyeusi na nyeupe unaweza kufanana kabisa na mshipa uliounganika vizuri, mtu unaapa iko sawa. Mpaka uwashe rangi zinazoonyesha damu inaelekea wapi, ushushe kipimo cha kasi ili damu inayotambaa nayo ionekane, ndo unagundua inatembea kinyume, inatoka kwenye koronari inaingia kwenye ateri ya mapafu. Koronari ya kulia imenenepa maana inafanya kazi ya wawili. Vile vimisuli vinavyoshikilia kilango cha upande wa kushoto vinang'aa vyeupe, hilo ni kovu tayari. Wataalamu wa moyo wa watoto wana kanuni yao hapa na ni nyepesi tu: kichanga mwenye moyo uliotanuka haitwi mgonjwa wa misuli mpaka ionekane koronari zake mbili zinatokea wapi. Eko ikishindwa, anapelekwa siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Narudia, sio "ikiwezekana", ni mpaka ionekane.

Upasuaji wenyewe ukiusikia unaelezwa huwezi kuamini ndo uliokuwa unasubiriwa. Mashine ya moyo na mapafu inachukua kazi, moyo unasimamishwa, daktari anakata ule mdomo wa koronari pamoja na kipande kidogo cha ukuta kinachouzunguka, anausogeza hadi kwenye aota anaushona, pengo lililobaki kwenye ateri ya mapafu anaziba kwa kiraka. Mshipa usipofika, kuna njia ya Mjapani Takeuchi ya mwaka 1979, ya kutengeneza kimfereji ndani ya ateri ya mapafu chenye kupeleka damu ya aota hadi kwenye koronari. Kazi ngumu ni siku zinazofuata ICU, maana moyo uliokaa na njaa miezi yote hiyo hauamki siku hiyohiyo. Ila unaamka. Sehemu kubwa ya ule msuli ilikuwa imelala tu haijafa, ndani ya miezi hadi mwaka moyo unarudi karibu na ukubwa wake, na hiki ndo kinachoniuma, kwamba huyu sio wa kukatiwa tamaa, ni katika wanaopona vizuri zaidi.

Mtu ataniambia sasa mmoja kati ya laki 3 ndo unatutolea povu? Haya tupige hesabu. Tanzania watoto wanaozaliwa kwa mwaka ni zaidi ya milioni 2, kwahiyo hata kwa ugonjwa huu mmoja tu ni watoto saba nane hivi kila mwaka. Halafu jumlisha na wenzake. Magonjwa yote ya moyo ya kuzaliwa nayo yanampata karibu mtoto mmoja kati ya 100, na kama robo yao wanahitaji upasuaji au kathlabu, yale matibabu ya kupitisha mrija kwenye mishipa, ndani ya mwaka wa kwanza. Kila ugonjwa peke yake ni adimu, ukiwakusanya wote ni wodi zimejaa. Hili neno adimu limetufanya tukae mbali, mtu akishasikia adimu anajua halimhusu.

Mwingine ambaye sio adimu hivyo ni huyu ambaye vena zote nne za kutoka mapafuni, zinazoleta damu safi, zimekosea njia, badala ya kuingia chumba cha kushoto cha moyo zinaingia upande wa kulia kwa njia za panya. Mmoja kati ya watoto elfu 10 hadi 15, kwa hesabu yetu ileile ni 150 na zaidi kwa mwaka. Vitabu vya wanafunzi vinakufundisha utafute kwenye eksirei kivuli chenye umbo la namba nane, wenyewe wazungu wanasema mtu wa theluji, na wanafunzi wetu wanakariri hivyohivyo theluji yenyewe wakiwa wameiona kwenye kalenda. Shida ni kwamba ile namba nane ni ya aina moja tu ya ugonjwa huu, na inakuja mtoto akishakuwa na miezi. Yule wa hatari zaidi, ambaye vena zake zimeshuka chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hadi kwenye ini na njiani zimebanwa, eksirei yake ni moyo mdogo wa kawaida na mapafu meupe yamejaa ukungu. Ukiiangalia utaandika mapafu hayajakomaa, au maambukizi, utampa oksijeni na dawa na atazidi kuwa mbaya ndani ya siku chache huku kila mtu akifanya kazi yake kwa usahihi. Huyo anatakiwa chumba cha upasuaji leo, vena zinakusanywa zinaunganishwa na nyuma ya chumba cha kushoto, tundu la katikati linazibwa, na hata hapo kama mmoja kati ya kumi hivi vena zinaweza kuja kubana tena, kwahiyo eko za kufuatilia haziishi. Picha kabla, picha baada.

Na hii kwamba picha ndo inatangulia mbona historia yenyewe inasema. Watu wakisimulia upasuaji wa watoto wa bluu, wale ambao moyo mbovu unawanyima oksijeni hadi wanageuka rangi, pale hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, tarehe 29 Novemba 1944, wanamtaja Alfred Blalock mshika kisu, siku hizi kwa haki kabisa wanamtaja na Vivien Thomas, fundi Mweusi aliyeifanyia mazoezi ile operesheni maabara na siku yenyewe akasimama nyuma ya Blalock kumuelekeza. Ila wazo lilikuwa la Helen Taussig, daktari wa watoto ambaye masikio yake yalikuwa yameharibika akawa anasoma mioyo kwa vidole na kwa eksirei ya moja kwa moja. Aliwaangalia wale watoto muda mrefu akaona wenye ule mshipa wa tangu tumboni mwa mama, unaounganisha aota na ateri ya mapafu, uliochelewa kufunga wanaishi kuliko ambao umefunga. Basi akauliza, si tutengeneze mshipa kama huo? Alianza kwa Robert Gross wa Boston, aliyekuwa bingwa wa kufunga mishipa hiyo tangu 1938, akamkatalia. Ndo akaenda kwa Blalock. Aliyeona alikuja kabla ya aliyekata.

Turudi kwetu, na hapa sitaki kuishia kusema serikali inunue mashine, maana mashine zipo zinakaa na vumbi. Kichanga anatakiwa proubi ndogo ya masafa ya juu, megahezi 8 hadi 12, ya watu wazima ni 2 hadi 4, ukimwekea kichanga unaona wingu. Mashine ikinunuliwa inakuja na proubi ya wajawazito na ya watu wazima, ya watoto ni ya kuongezea hela, na kwenye kamati ya manunuzi hicho ndo kitu cha kwanza kukatwa. Halafu mtu wa kuisoma. Picha za eko siku hizi zinatumwa kwa simu, bingwa wa Dar au Mwanza anaweza kuziona akiwa kwenye daladala, lakini mtumaji lazima ajue apige wapi, video ya aota bila koronari hata ukimtumia bingwa wa dunia nzima hatakusaidia kitu.

Kuna vya bei rahisi zaidi. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ambacho korona ilituachia hadi kwenye zahanati. Marekani tangu 2011 imependekezwa kila kichanga apimwe nacho baada ya saa 24, mkono wa kulia na mguu mmoja, chini ya 90 ni hatari moja kwa moja, chini ya 95 mkononi au mguuni, au tofauti ya zaidi ya 3 kati ya mkono na mguu, unarudia, ikigoma anakwenda eko. Kwetu kuna mambo matatu ya kurekebisha kwanza. Akina mama wengi wanaruhusiwa kabla ya hizo saa 24. Pili Mbeya na Nairobi ziko juu sana, kama mita 1,700, oksijeni ya mtoto mzima kule ni pungufu kidogo kuliko ya Tanga, namba za usawa wa bahari huwezi kuzibeba zilivyo. Tatu, na hili lilisemwa kwa nguvu mwaka 2020 baada ya utafiti wa Marekani, hivi vifaa kwenye ngozi nyeusi vina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli, kwahiyo 95 ya kwetu inaweza isiwe 95. Nesi mzoefu haangalii midomo wala kucha kutafuta ubluu, anamfungua mtoto kinywa anaangalia ulimi. Hiyo haina gharama.

Na niseme ukweli, oksimita yule mtoto wa koronari haimkamati, oksijeni yake ni nzuri tu. Huyo anakamatwa na kitu ambacho tayari tunacho na tunakifanya vizuri kuliko nchi nyingi: kliniki ya chanjo. Wiki ya 6, ya 10, ya 14. Hebu ziangalie hizo tarehe halafu kumbuka presha ya mapafu inashuka lini na jasho linaanza lini, ni madirisha yaleyale. Mama yuko kwenye benchi, mtoto ananing'inia kwenye mzani, kadi iko mkononi. Maswali mawili tu kabla ya sindano, anatoka jasho akinyonya? anachoka kabla hajashiba? Na jicho kwenye mstari wa uzito, ukilala mara mbili mfululizo huyo asiishie kwenye ushauri wa lishe, apimwe moyo. Sioni ugumu wake uko wapi, labda tu kwamba hakuna mwandishi atakayekuja kupiga picha swali.

Pingamizi kubwa nalijua, hata wakigundulika wote wataenda wapi, foleni ya Dar ndefu, hospitali ya Bugando kule Mwanza hawawezi kubeba kanda yote, wenzetu wa hospitali za Mulago Uganda na Mater Nairobi nao wamezidiwa. Ni kweli. Ila foleni isiyojulikana urefu wake haiwezi kupangiwa bajeti, na leo foleni yetu ni fupi kuliko ugonjwa kwa sababu wengine wanafia nje ya foleni wakiwa na jina la nimonia. Halafu kuna hili la kambi. Timu ya wageni ina siku tano, kila mtu anataka namba nzuri, unachagua nani? Tundu la kawaida na mshipa wa kufunga, anatoka ICU kesho yake. Mtoto wa koronari mwenye moyo uliochoka atalala ICU wiki mbili, wageni wakiwa wameshapanda ndege. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, ila tusijidanganye kwamba kambi zitammaliza mtoto adimu. Waliofanya tofauti kidogo ni wale wa Save a Child's Heart, shirika la kutibu mioyo ya watoto la Holon, Israel, mwanzilishi wao Ami Cohen alifariki 2001 akipanda Kilimanjaro, ambao pamoja na kuwachukua watoto wa Bara na Zanzibar walikuja huku na mashine za eko kufanya kliniki za uchunguzi na wakachukua watu wetu kuwafundisha kwa miaka, daktari wa upasuaji, wa usingizi, wa picha, manesi, timu nzima.

La hela ndo gumu zaidi. Ile bima ya watoto, Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, iliposimamishwa usajili wa mmoja mmoja 2023, sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wanasubiri mtoto augue ndo wanakata kadi. Kwa mafua hiyo lawama naielewa. Kwa moyo wa kuzaliwa nao mzazi hajasubiri chochote, ugonjwa ulikuwepo siku ya kwanza, aliyechelewa ni mfumo kumwambia. Tukiwa tunajenga hii bima ya afya kwa wote, eko ya kichanga na siti skani ya moyo wake ziwe ndani ya kitita cha msingi, na mtoto aingie nacho siku aliyozaliwa. Halafu kambi ijayo, pamoja na idadi ya waliopasuliwa, watutajie na hizi: wangapi walitokea kwenye kliniki ya chanjo, walikuwa na umri gani walipopigwa eko ya kwanza, na wangapi waliletwa wakiwa wameshakunywa dawa za ugonjwa mwingine miezi mingapi.